Ngamia wa Kuazimwa Ndani ya Chupa

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mlango wa maabara yetu hapa Garissa uligongwa kwa kiatu. Aliyegonga hakuwa na mkono wa kugongea, maana yote miwili ilikuwa imekumbatia kisanduku cha barafu. Nilipofungua nikamkuta Daktari Hibo, bado amevaa nguo za kijani za chumba cha upasuaji, kofia imemteremka mpaka kwenye nyusi.

"Adeer, washa meza," alisema. "Tumepata."

Adeer ni ami kwa Kisomali. Ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza, ingawa kikazi yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wangu. Meza aliyoitaja ni ile yenye kioo mbele na feni ya kusukuma hewa iliyochujwa. Chupa ya seli haifunguliwi mahali pengine popote. Niliiwasha. Ndani ya kisanduku mlikuwa na kichupa cha maji yenye rangi ya waridi, na ndani ya maji hayo kipande cha nyama cha manjano iliyofifia, kikubwa kama tende moja. Kilikuwa kimetoka katika ovari ya mama mmoja wa Bute, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaamka kutoka usingizi wa dawa.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kufuga seli, kwa sababu wengi mmeniuliza ilikuwaje mtu aliyekuwa fundi wa mafriji akaishia kulinda seli za ovari. Nimestaafu mapema, nina miaka hamsini na tano, na mgongo ndio uliosema basi. Mikono bado inakumbuka.

Kwanza muelewe tulikuwa tunatafuta nini. Ndani ya ovari kila yai limezungukwa na seli ndogo zinazolilea, na seli hizo ndizo zinazotengeneza homoni ya estrojeni. Wanawake wengi wa huku huja hospitalini na matatizo ya homoni hizo, na daktari hawezi kuichungulia ovari ya mtu kila siku kuona inafanya nini. Anahitaji seli zinazoishi ndani ya chupa, zinazozaana, na ambazo bado zinatengeneza homoni. Seli za asili moja zinazoendelea kuzaana hivyo tunaziita ukoo wa seli. Koo za namna hii zipo ng'ambo, lakini ni chache, ni ghali, na tulizoagiza sisi zilifika zimekufa. Hibo alitaka ukoo uliozaliwa hapa.

Seli za kawaida za ovari huchoka upesi zikitolewa mwilini. Lakini upo uvimbe fulani, usiotokea mara nyingi, unaotokana na seli hizo hizo za kulea yai, na seli za uvimbe huo zina nguvu ya kuzaana. Mama wa Bute alikuwa na uvimbe huo.

Nitamwita Ambaro. Damu yake ya mwezi ilikuwa imekoma miaka miwili, halafu ikarudi, kwa sababu uvimbe ulikuwa unamwaga estrojeni mwilini. Siku moja kabla ya upasuaji Hibo alinichukua mpaka wodini nikamsaidie kueleza. Tulimkuta amekaa kitandani, miguu inaning'inia, anawasimulia wagonjwa wenzake kwamba mawifi zake wamemwuliza kama anatafuta mume. Wodi nzima ilikuwa inacheka, hata mwenye mshono.

Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kisomali. Hapa nayaandika kwa Kiswahili. Hibo alimweleza kwamba ovari ikitolewa itachunguzwa, na kwamba tunaomba kipande kama tende tukifuge. Ambaro aliuliza kama iliyobaki itazikwa, maana kwetu kinachokatwa mwilini huzikwa. Hibo akamwambia itakabidhiwa jamaa zake waizike. Akauliza kama tutakiuza kile kipande. Hapana. Akauliza kinakula nini. Hilo lilikuwa swali langu, nikamjibu: maji yenye chumvi na sukari ya kipimo, pamoja na seramu ya damu ya ndama.

"Ndama wa ng'ombe?" alisema. "Wa ngamia hakuna?"

Nikakiri kwamba viwandani hawajafikiria ngamia. Alitikisa kichwa kwa kuwahurumia watu wa viwanda. Aliposema tena alikuwa amekwisha kulipanga jambo lote kichwani mwake kwa njia anayoijua.

"Basi ni ngamia wa kuazima."

Kwa ambao hawajakulia huku: mtu akifiwa na mifugo kwa ukame, jirani humpa ngamia jike mwenye maziwa. Maziwa ni ya aliyeazimwa, anywe yeye na watoto wake. Ngamia hubaki wa mwenyewe. Mwenyewe anaweza kuja siku yoyote kumtazama mnyama wake, na ngamia akikauka maziwa, anarudishwa.

"Mtakamua hiyo homoni yenu," Ambaro alimwambia Hibo. "Nikija mnionyeshe. Akikauka mnirudishie, nimzike na wenzake."

Hibo alimpa mkono. Fomu ya hospitali Ambaro aliiwekea kidole baadaye, na ilisomwa yote neno kwa neno, lakini sisi watatu tulijua makubaliano yalikuwa yale ya mkono. Na kwa kuwa jina la mgonjwa haliandikwi juu ya chupa, ukoo huo wa seli tuliuita Hal, yaani ngamia jike.

Sasa niwaambie nilivyofika kwenye kazi hii, maana hakuna aliyeniajiri kufuga kitu. Niliitwa kutengeneza inkubeta, kabati la kutunzia seli, ambalo hukaa nyuzi thelathini na saba sawasawa kama mwili wa mtu. Lilikuwa linapandisha joto lenyewe kila mchana, na walidhani limeharibika. Nilikaa nalo mpaka alasiri na kipima joto, nikagundua kwamba kabati ni zima. Lilitengenezwa na watu wa nchi za baridi, linajua kupasha tu, halijui kupoza. Chumba chenyewe kilikuwa na nyuzi thelathini na tisa. Kabati lilikuwa limezima hita yake na linaungua tu pamoja nasi.

Basi kazi yangu ya kwanza katika sayansi ilikuwa kupoza chumba ili mashine ya kupasha joto ipate nafasi ya kupasha. Nilifunga viyoyozi viwili vinavyopokezana, nikapaka paa chokaa nyeupe, nikaziba dirisha la magharibi. Mjini walinicheka. Mlinzi alikuwa akiwaambia wageni kwamba hapa Garissa kuna mtu analipwa mshahara wa kuongeza joto. Lakini mkumbuke hili: kabla ya kulaumu mashine, pima chumba ilimokaa.

Nilibaki. Nilisoma vitabu vya mwongozo vilivyokuja na mashine, kisha vitabu vya Hibo, kamusi ikiwa mapajani. Mkono wangu ulifundishwa na Mzee Kyalo, fundi wa maabara aliyetumwa kutoka Nairobi kutufunza kisha akarudi zake. Kyalo hakuniruhusu kugusa seli. Aliniambia nichemshe supu ya mbuzi, niichuje mpaka iwe angavu kama chai ya rangi, niipitishe kwenye otoklevu, ule mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke, halafu niimimine kutoka chupa hadi chupa pale mezani. Supu ikikaa siku kadhaa ndani ya inkubeta bila kuchafuka, mkono wako ni safi. Ikigeuka mawingu, umepitisha kiganja juu ya chupa iliyo wazi, au umeongea, au umejikuna.

Supu yangu ya kwanza ilinuka mpaka mlinzi akaja kuuliza nani amekufa. Ya pili pia. Kyalo alikuwa anakaa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki, kila nikikosea anapiga ulimi. Ilipofika siku supu yangu ikabaki angavu, aliishika kwenye mwanga, akaigeuza, akasema, "Sasa nenda ukaoe." Ndivyo alivyosifu watu. Nilikuwa na mke na watoto watano.

Kabla hajarudi Nairobi aliniachia amri moja, nami nawaachia nyinyi: seli zikiwa na furaha, gandisha baadhi. Usingoje ziugue. Tia vichupa vichache kwenye tangi la naitrojeni wakati kila kitu kinakwenda vizuri na unajiona huna haja.

Kile kipande cha Ambaro tulikikatakata kwa visu viwili vidogo mpaka kikawa kama uji, tukakilaza kwenye kimeng'enya kinachofungua gundi ya nyama, tukakichuja, tukakiosha, tukakitia kwenye chupa bapa. Siku za mwanzo zilikuwa za kukatisha tamaa. Seli nyingi zilielea zimekufa. Halafu asubuhi moja nikaona kwenye hadubini kisiwa kidogo cha seli zilizoshika sakafu ya chupa, zimebanana bega kwa bega kama mbuzi kwenye kivuli. Nilimwita Hibo. Alitazama, akanipisha nitazame tena, akatazama tena yeye.

Adui wetu alikuwa magugu. Katika kila kipande cha nyama kuna seli nyembamba ndefu, zile za kushikilia viungo, na hizo huzaana upesi kuliko unazozitaka. Ujanja wake ni huu. Unapotia dawa ya kuachisha seli kwenye chupa, magugu huachia kwanza. Usiende kupiga simu. Kaa pale pale kwenye hadubini, na yakianza kuachia, igonge chupa kwa kiganja mara moja, yamwage, osha, bakiza zile zilizong'ang'ania. Nilifanya hivyo tena na tena mpaka chupa ikawa na seli za aina moja tu. Zikijaa tunazigawa chupa mbili, kama kundi linalogawanywa malisho yakibana.

Kupima maziwa yake kulikuwa hivi. Unazipa seli malighafi, homoni nyingine ambayo zina uwezo wa kuigeuza kuwa estrojeni. Unangoja siku mbili. Unachota maji yao na kuyatia kwenye sahani yenye vishimo, pamoja na dawa ya rangi. Sasa sikilizeni, maana hapa wageni hupotea. Katika kipimo hiki homoni ikiwa nyingi, rangi hufifia. Kishimo kikiwa cha manjano iliyokolea, hamna kitu.

Mara ya kwanza tulipompima Hal, vishimo vyake vilitoka vyeupe kabisa, karibu kama maji ya kisima. Hibo alitoka nje akasimama juani bila kujifunika, akarudi macho yamelowa. Wakati huo huo aliingia mkuu wetu wa utawala, akaona sahani haina rangi na daktari analia, akatupa pole. Alisema majaribu yapo na tusikate tamaa. Hatukuwa na nguvu ya kumweleza. Siku hiyo hiyo niligandisha vichupa sita, kwa amri ya Kyalo.

Miezi ilikwenda vizuri. Kazi ikaongezeka, tukamwajiri Saadia wa kuosha vyombo. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Sangailu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Chupa zetu za kutengenezea na kuwekea chakula cha seli zilikuwa za kioo, hatukuwa na fedha za plastiki ya kutumia na kutupa. Hibo alimwonyesha sabuni, brashi na maji ya kusuuzia, kisha akatafuta maneno ya kumweleza usafi tunaoutaka ni wa kiasi gani.

"Habaryar," alimwambia, yaani mama mdogo, "zioshe kama chombo ambacho maziwa yatakaa siku tatu bila kuharibika."

"Hilo najua," alisema Saadia.

Na kweli alijua. Chupa zake ziling'aa. Hatukupata uchafu hata mara moja tangu aje. Jambo moja dogo nililiona bila kulifikiria: kila nilipofungua otoklevu yenye chupa zake, nilitamani chai ya maziwa. Nilidhani ni uzee unaingia.

Baada ya hapo Hal akaanza kukauka. Seli zilikuwa nzuri kwa macho, zinagawanyika, zinajaza chupa, lakini sahani ilitoka ya manjano kidogo, kisha ya manjano zaidi, kisha kama embe dodo. Ugonjwa huu unajulikana katika kazi yetu: seli huendelea kuzaana lakini husahau kazi yake. Zikisahau, hazikumbuki. Ukoo wa seli za ovari usiotoa homoni hauna thamani kuliko povu.

Tulitoa kichupa kimoja kutoka kwenye naitrojeni, tukakiamsha. Kilianza na maziwa mazuri. Haikupita wiki mbili nacho kikakauka. Hapo Hibo alisema neno la maana sana.

"Adeer, si ngamia. Ni malisho."

Tukabadilisha malisho yote. Seramu mpya. Unga mpya wa chakula. Nikabadilisha chujio la maji, nikapima joto la inkubeta kila saa, tukatafuta vile vijidudu vidogo visivyoonekana kwa hadubini. Kila kitu kilikuwa safi, na kila kitu tulikitia kwenye chupa zile zile za Saadia. Sahani ikazidi kuwa njano.

Wakati huo wakuu wa hospitali waliotupa chumba wakatuandikia kwa upole. Kikao chao kilikuwa mwisho wa mwezi, na kama ukoo wa seli hautoi homoni, maabara itafungwa na chumba kirudi kuwa stoo ya vyandarua. Hibo alikuwa ameacha kazi nzuri Nairobi kwa ajili ya chumba kile. Lakini nilivyomjua, stoo haikumtisha kama mgeni mmoja aliyekuwa njiani. Ambaro alikuwa anakuja kupimwa afya yake, na alikuwa ametuma salamu kwamba atapita kumwona ngamia.

Alifika amenenepa, anatembea kwa mwendo wa mwenye mali. Alituletea nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaushwa ikahifadhiwa kwenye samli, kopo zima. Nilimkalisha kwenye hadubini, nikamrekebishia kioo. Alitazama muda mrefu.

"Wamekuwa wengi," alisema.

"Wengi sana, abaayo," nikamjibu, maana tu rika moja na kwetu hilo ni kama kusema dada.

"Na maziwa?"

Nilimtazama Hibo. Alikuwa amesimama mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Eeddo," alisema, yaani shangazi, "amekauka. Tumejaribu kila kitu. Nakumbuka makubaliano yetu. Ukitaka nikurudishie, nitakurudishia leo."

Ambaro hakukasirika wala hakuhuzunika. Alijigeuza kwenye kiti na kuanza kuuliza kama anavyouliza mwenye mifugo yeyote aliyemkuta mnyama wake amebadilika. Anakula nini siku hizi? Kile kile. Anakunywa wapi? Nani anamhudumia? Halafu akanyoosha mkono, akataka aone chombo.

Kulikuwa na chupa tupu kwenye rafu, imetoka kwenye otoklevu, imefungwa, iko tayari. Nilimpa aishike. Sikuwaza kwamba ataifungua. Lakini mwanamke wa kwetu hamimini maziwa ndani ya chombo bila kukinusa kwanza, mkono hufanya wenyewe. Nilipofungua mdomo kumzuia, kizibo kilikuwa kimekwisha toka na pua yake iko kwenye shingo ya chupa.

Alivuta pumzi, akafumba macho.

"Mashallah," alisema. "Anayewaoshea vyombo amelelewa. Hiki kimefukizwa vizuri."

Hibo alimnyang'anya chupa, na sijamwona kumnyang'anya mtu kitu kabla wala baada. Akanusa. Akanipa mimi. Nilinusa, nikapata harufu ya jikoni kwa mama yangu, harufu ya kila kibuyu cha maziwa nilichokunywea tangu nizaliwe, na ndiyo maana sikuwahi kuiona kama harufu. Huku kwetu hiyo ndiyo harufu ya kitu kisicho na harufu.

Saadia aliitwa. Alikuja anafuta mikono, akaulizwa kama anafukiza chupa.

"Zote," alisema kwa fahari. "Hata zile ndogo."

Akatupeleka nyuma ya jengo, penye jiko la mlinzi la chai. Chombo cha maziwa cha mti au cha nyuzi hutiwa kijiti kinachowaka ndani yake, kikafunikwa, kikatikiswa, moshi ukaingia kwenye ngozi ya chombo. Maziwa hukaa siku nyingi hayaharibiki. Kioo kingepasuka kwa kaa la moto, kwa hiyo Saadia alikuwa ameunda njia yake. Alizipindua chupa juu ya makaa yanayofuka, mdomo chini, akazingoja zijae moshi, akazifunga. Kisha ndipo alipozileta kwangu kwa ajili ya otoklevu. Mvuke wangu uliua vijidudu vyote, lakini utando wa moshi ulibaki umeshika kioo, mwembamba, hauonekani.

Hibo aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alijua maana yake kabla sijamuuliza. Katika moshi mna vitu vinavyozuia kimeng'enya ambacho seli hukitumia kugeuza ile malighafi kuwa estrojeni. Madaktari wameliona hilo kwa wanawake wavutaji sigara. Seli zilikuwa hai, zina nguvu, zimefungwa mikono.

Saadia alitutazama mmoja mmoja. "Nimeharibu?"

"Mimi ndiye niliyekuambia chombo cha maziwa," alisema Hibo, na hapo akaanza kucheka, cheko la mtu aliyetua mzigo, mpaka kofia ikamwanguka.

Ambaro yeye alikuwa bado anafikiri.

"Lakini moshi ni wa maziwa," alisema. "Ngamia mwenyewe hafukizwi. Nyinyi mlikuwa mnamnywesha ngamia kwenye kibuyu cha maziwa yake."

Sijasikia mtu akilieleza kosa lile vizuri zaidi, na nimesoma maelezo yake marefu yaliyoandikwa baadaye na Hibo.

Msidhani tuliridhika na pua ya mtu. Tulinunua chupa mpya, nikazisuuza mimi mwenyewe kwa maji tu. Seli zile zile zilizokauka tukazigawa makundi mawili. Kundi moja lilipewa chakula kutoka chupa mpya. Kundi la pili lilipewa chakula kile kile, ila kilikaa kwanza kwenye chupa aliyoifukiza Saadia kwa mkono wake. Tulimwomba afukize vizuri kama siku zote, naye akachagua kijiti kwa makini. Ambaro aliahirisha safari. Alikwenda kukaa kwa binamu yake mjini, na kila asubuhi alikuwa anatuma mtu kuuliza kama ngamia ameteremsha maziwa.

Siku ya kipimo tulikuwa wanne kuizunguka sahani moja. Nilidondosha dawa ya mwisho. Vishimo vya chupa za moshi vikageuka manjano kama kiini cha yai. Vishimo vya upande wa pili vikabaki vyeupe, kimoja baada ya kingine, mstari mzima.

"Hawa wamekamuliwa," alisema Ambaro akionyesha kwa kidole.

"Wamekamuliwa, eeddo," alisema Hibo. Alikuwa amemshika Saadia mkono. "Na si hivyo tu. Sasa tuna seli zinazojua kunusa moshi kuliko sisi wenyewe."

Saadia alisema ile mistari ya njano ni yake, isimwagwe upesi.

Mkuu wa utawala alipita mlangoni, akaona upande mmoja wa sahani una rangi nzuri. Akatupongeza. Safari hii nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki cha Kyalo nikamweleza mpaka akaelewa, na kwenye kikao cha mwisho wa mwezi ni yeye aliyewaeleza wenzake, akashangaa kwamba hawaelewi jambo rahisi hivyo. Vyandarua vilipata stoo nyingine.

Siku hizi nyinyi mnatumia chupa za plastiki zinazotoka kwenye pakiti, na mashine inayohesabu seli wakati mnakunywa maji. Ni vizuri, simtakii mtu mgongo kama wangu. Lakini mkipata vyombo vipya, sabuni mpya au mtu mpya, chukueni chupa moja katika kila kundi, ifungueni, inuseni, kisha muitenge isitumike. Na mkiweza, mpeni mtu asiye wa nyumba yenu ainuse, au mwenye mali.

Ambaro alirudi Bute bila ngamia. Hibo alimwuliza tena kama anamtaka, kwa kufuata makubaliano. Alisema mnyama mwenye maziwa hachukuliwi, atakuja kumtazama mvua zikikatika, na amekuja kila mwaka tangu hapo.

Chupa za zamani hatukuthubutu kuzitumia tena. Mbili alizibeba Ambaro. Zilizobaki alizichukua Saadia, na maziwa ya chai ya maabara yalikuja ndani yake kila asubuhi mpaka siku niliyostaafu, hayajaharibika hata mara moja. Mhasibu alinitaka nimpe gharama kamili ya mkasa huo aifunge hesabu. Nilimwandikia chupa kumi mpya za kioo, kila moja shilingi mia sita na hamsini. Akauliza kama hakuna hasara nyingine. Nikamwambia hakuna. Shilingi elfu sita na mia tano.